Foleni Iko kwa Nani? Historia Fupi ya Uchapaji wa Kati na Uchapaji wa Karibu, Pamoja na Istilahi Zake

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Kabla ya hapo wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Wilaya mpya ya Itilima ilimegwa kutoka Bariadi, na ile ya Busega ilitokana na Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mkoa mpya huhitaji ofisi, na ofisi haina budi kuwa na masijala, barua, fomu, orodha za mishahara, stakabadhi na mitihani ya majaribio. Yote hayo ni karatasi, na kila karatasi huzusha swali ambalo watumishi wa serikali wamekuwa wakiulizana tangu zamani: je, ipigwe chapa makao makuu na kuletwa, au ipigwe chapa hapa hapa inapotakiwa?

Siku hizi swali hilo limevaa nguo mpya. Kompyuta za ofisi zimeunganishwa kwa mtandao, na kazi ya kupokea kurasa, kuzipanga kwa zamu na kuzipeleka kwenye printa hufanywa na kompyuta maalumu iitwayo seva. Wataalamu hushindana kama seva hiyo iwekwe katika kila ofisi, au iwekwe moja tu mahali pa kati itumikie ofisi zote. Wafasiri wanaotafsiri miongozo ya mitambo hiyo, na walimu wanaofundisha somo la kompyuta, hukwama mara nyingi, kwa sababu maneno tuliyo nayo hayajatenganishwa vizuri.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali la kati na karibu lina historia ndefu katika nchi yetu, na kwamba historia hiyo inatufunza jambo moja kubwa. Mahali ilipo mashine si jambo la kwanza la kuulizwa. Jambo la kwanza ni foleni iko mikononi mwa nani. Istilahi isiyotenga mambo hayo mawili humpotosha mtumishi, naye akaomba kitu kimoja na kuletewa kingine.

Chapa, chapisha na kichapo

Tuanze na neno lenyewe. Chapa tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, nalo lina maana ya alama inayowekwa juu ya kitu kwa kugandamizwa. Mfugaji wa Usukuma humtia ng'ombe wake chapa, na bidhaa dukani huwa na chapa yake. Kupiga chapa kitabu ni kutia alama za maandishi juu ya karatasi. Sambamba na neno hili, watu wa pwani walikuwa pia na neno matbaa, kutoka Kiarabu, kwa maana ya mahali pa kupigia chapa. Neno hilo lilikuwa na mashiko hasa Unguja, ambako Sultani Barghash alianzisha matbaa yake karibu na mwaka 1880.

Kutokana na kupiga chapa tulipata mpigachapa na uchapaji. Baadaye kitenzi kikanyambulishwa zaidi, tukapata chapisha, mchapishaji na uchapishaji. Unyambulishaji huo haukuwa wa bure. Mchapishaji ndiye anayesababisha kitabu kipigwe chapa: huchagua mswada, huuhariri, hulipa gharama na kukitoa kitabu kwa wasomaji. Mpigachapa ni fundi wa mashine. Ndiyo maana serikali ina Mpigachapa Mkuu, na kiwanda cha taifa cha kazi hiyo kiliitwa Kiwanda cha Uchapaji cha Taifa, yaani KIUTA, wala hakikuitwa cha uchapishaji.

Kompyuta zilipokuja, mpaka huo ulififia. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zilianza kupatikana mwanzoni mwa karne hii. Miongoni mwao ni Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao. Tangu wakati huo mtumiaji hukutana na amri ya kuchapa mahali pamoja, na ya kuchapisha mahali pengine, ilhali kitendo ni kimoja. Karani anayetoa nakala moja ya barua ya likizo hajachapisha kitu chochote, ameichapa tu. Kuichapisha barua hiyo kungekuwa kuitangaza kwa umma, jambo ambalo pengine lingemtia mashakani.

Kifaa chenyewe kimeleta taabu nyingine. Kanuni ya kawaida ya kuunda jina la kitu kutokana na kitenzi ingeweza kutupa kichapo, kama vile funika lilivyotupa kifuniko. Lakini kuchapa pia ni kupiga kwa fimbo, na kichapo kimekwisha kuchukuliwa na maana hiyo. Hakuna mwalimu ambaye angependa kuwaambia wanafunzi kwamba shule imenunua kichapo kipya. Basi wengine wakakimbilia kichapishi, na wengi zaidi, katika maofisi na madukani, wakabaki na printa.

Mpigachapa wa makao makuu na mashine za mikoani

Uchapaji wa maandishi katika nchi yetu haukuanzia mahali pamoja. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mashine Unguja tangu miaka ya 1860. Chini ya utawala wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza nao walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, likipigwa chapa Dar es Salaam. Katika miaka iliyofuata misheni mbalimbali ziliendesha mitambo yao mbali na mji mkuu: Vuga katika milima ya Usambara, Ndanda na Peramiho kusini, na Kipalapala karibu na Tabora. Kwa hiyo uchapaji wa mikoani ulikuwapo, lakini kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mashirika ya dini.

Kwa upande wa serikali, kazi iliwekwa chini ya Mpigachapa wa Serikali, Dar es Salaam. Sababu zake zilikuwa nzito. Gazeti la Serikali halina budi kuwa na maneno yale yale kila linaposomwa. Vitabu vya stakabadhi havina budi kuwa na namba zinazofuatana, ili fedha za umma zisipotee. Mashine kubwa ni ghali, na mafundi wake ni wachache. Lakini gharama ya mpango huo ilikuwa ni umbali. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga na Malampaka katika nchi ya Maswa. Bariadi yenyewe haikuwa juu ya reli. Fomu zilizokwisha katika ofisi ya wilaya ziliagizwa kwa barua, zikangojewa, zikasafirishwa kwa treni, kisha kwa gari katika barabara za udongo mweusi ambazo mvua ikinyesha hazipitiki kirahisi.

Wakati wa kungoja, ofisi zilijitegemea kwa tapureta na mashine ya kudurufu. Karani alikata stensili kwa tapureta, akaipachika kwenye mashine, akatia wino na kuzungusha mpini. Nakala zilizotoka hazikuwa nzuri kwa macho, lakini zilitoka siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mitihani ya muhula, mihtasari ya mikutano na matangazo ya wilaya yalitegemea mpini huo. Huo ndio uchapaji wa karibu ambao wengi wetu tuliufahamu kabla ya kuiona kompyuta.

Palikuwapo pia njia ya tatu, ambayo mkulima wa pamba wa Usukuma aliijua vizuri. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana mwaka 1955 chini ya shirikisho lao, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima alipopima pamba yake kwenye chama cha msingi alipewa stakabadhi papo hapo, si baada ya wiki mbili kutoka Mwanza. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kimepigwa chapa mbali, namba zake zikiwa zimekwisha wekwa. Uzito, bei na jina viliandikwa mbele ya macho yake. Utaratibu ulitoka katikati, karatasi ilitolewa karibu.

Mfano mwingine wa mafanikio ya karibu ulitokea Mwanza. Katika mradi wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa katika mikoa ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, vitabu vya kujifunzia vilihusu kazi za wasomaji wenyewe, pamba ikiwa mojawapo. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma. Gazeti kama hilo lisingaliweza kuwa na habari za kijiji kama foleni yake ingalikuwa Dar es Salaam.

Neno likisema hivi na jambo likiwa vile

Mwaka 1972 serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na watumishi wengi wakapelekwa mikoani na wilayani. Kwa kusikia jina tu, mtu angedhani kwamba uamuzi nao ulihamia huko. Lakini watumishi hao walikuwa wa serikali kuu, na fedha ziliidhinishwa na serikali kuu. Baada ya uzoefu wa miaka kumi, sheria za mwaka 1982 zikarudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Toka miaka ya 1990 neno ugatuaji limetumika kutaja uhamishaji wa madaraka yenyewe, tofauti na uhamishaji wa watumishi tu.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linafanana kabisa na suala letu. Kuzitawanya mashine si kuugatua uamuzi. Ofisi inaweza kujaa printa, na bado isiwe na uwezo wa kutoa karatasi hata moja bila ya idhini ya mahali pengine.

Kompyuta ya Hazina na asili ya foleni

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mashine za wakati huo zilikuwa kubwa mno, na kila kitu kilizifuata: data zililetwa kwake, na karatasi zilitoka kwake. Hapakuwa na swali la kati au karibu, kwani palikuwa na mlango mmoja tu. Mwaka 1974, baada ya matumizi ya kompyuta katika hesabu za serikali kuleta hasara na mkanganyiko, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Ni katika mashine hizo kubwa ndipo foleni ya uchapaji ilipozaliwa. Printa mashuhuri ya IBM ya mwaka 1959, iliyoitwa 1403, iliweza kuchapa mistari 600 kwa dakika. Kwa mtu hiyo ni kasi ya ajabu, lakini kwa kompyuta ni mwendo wa kobe. Kuiacha kompyuta ya thamani kubwa imngoje kobe kulikuwa ufujaji. Mafundi wakabuni njia ya kuzihifadhi kurasa kwanza katika utepe au diski, kisha printa ikazichukua moja moja kwa nafasi yake, huku kompyuta ikiendelea na kazi nyingine.

Hatua iliyofuata ilitokea Marekani. Mwaka 1971 Gary Starkweather, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, aliunda printa ya miali ya leza. Kifaa hicho kilikuwa ghali mno kuwekwa katika kila meza, hivyo kikaunganishwa kwa mtandao na kompyuta nyingi ndogo, na kompyuta moja ikapewa kazi ya kupokea kurasa za wote. Hiyo ndiyo seva ya uchapaji tunayoizungumzia. Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ilianza kuuza printa ya leza ya bei nafuu zaidi, na mwaka 1991 ikatoa kifaa cha kuiunganisha printa na mtandao moja kwa moja, bila ya kuifunga kwenye kompyuta. Tangu hapo njia zimekuwa tatu: seva ya kati, seva ya karibu, na printa inayojipokelea yenyewe.

Kwa neno la zamu hii ya kurasa, Kiswahili hakikupata taabu. Foleni lilikuwapo tayari. Lilitoka katika amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange, likaenea hospitalini, benki na madukani. Kila Mtanzania anajua foleni ni nini. Anajua pia kwamba mwenye nguvu katika foleni ni yule anayeipanga.

Tuseme uko Bariadi

Tuseme karani yuko katika ofisi mjini Bariadi, na printa iko hatua mbili kutoka mezani pake. Seva ya uchapaji iko Dodoma. Anapotoa amri ya kuchapa, ukurasa husafiri hadi Dodoma, hupangwa katika foleni, kisha hurudi Bariadi na kutoka kwenye mashine iliyo kando yake. Ukurasa ulioandaliwa kwa ajili ya printa unaweza kuwa mzito mara nyingi kuliko hati yenyewe, hasa ukiwa na picha au mihuri. Njia ikiwa nzuri, karani hatambui safari hiyo. Njia ikikatika, printa nzima, yenye wino na karatasi, husimama kama sanamu. Mlangoni amesimama mwalimu aliyetoka Lagangabilili au Mwanhuzi kufuata barua yake, na nauli ya kurudi siku ya pili hana.

Seva ikiwa hapo hapo ofisini, kukatika kwa njia ya Dodoma hakumzuii karani kuchapa. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mkoa wa Simiyu una halmashauri 6, na kila halmashauri ina idara nyingi. Seva ikiwa katika kila ofisi, kila seva huhitaji fundi, umeme wa akiba na marekebisho ya mara kwa mara. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro kubwa ya usalama katika sehemu ya Windows inayosimamia foleni ya uchapaji. Kwa kasoro hiyo mhalifu angeweza kuitwaa kompyuta nzima. Mwenye seva moja alikuwa na kompyuta moja ya kuiwahi kwanza. Mwenye seva arobaini zilizosahauliwa chini ya meza alikuwa na hatari arobaini. Tena, seva ya kati hurahisisha kuhesabu karatasi zinazotumika, na kujua nani amechapa nini.

Walimu wanaielewa mizani hii bila ya kufundishwa. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, linasimamia mitihani ya taifa kutoka katikati, kwa kuwa siri na usawa ndivyo vinavyotangulia. Mitihani ya majaribio hushughulikiwa mikoani na wilayani, kwa kuwa wepesi ndio unaotangulia, na kosa likitokea husahihishwa papo hapo. Hakuna anayesema kwamba njia moja ni ya kisasa na nyingine ni ya kishamba. Kila moja ina kazi yake.

Na njia ya tatu, ile ya stakabadhi ya pamba, imerudi kwa sura mpya. Tangu mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato imeanzisha mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Mfanyabiashara wa Bariadi hutoa risiti dukani kwake, mbele ya mnunuzi, na taarifa za mauzo hupelekwa kwenye mitambo ya Mamlaka. Uchapaji uko karibu. Hesabu iko kati. Mnunuzi hasimami kungoja karatasi kutoka Dar es Salaam, na Mamlaka haikosi kujua kilichouzwa.

Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi.

Kwanza, tutenge uchapaji na uchapishaji kama wazee wetu walivyovitenga. Kitendo cha kutoa maandishi kwenye karatasi kiitwe kuchapa, na seva inayokisimamia iitwe seva ya uchapaji. Kuchapisha kubaki kwa vitabu, magazeti na taarifa zinazotolewa kwa umma.

Pili, kwa kifaa, printa limekwisha kukubalika na watu, nalo halina utata. Mwenye kutumia kichapishi asikatazwe, lakini asichanganye maneno hayo mawili katika mwongozo mmoja.

Tatu, kwa upande wa mahali, tuseme seva ya kati na seva ya karibu. Tusiseme seva kuu pale tunapokusudia mahali, kwa sababu ukuu ni cheo. Mpigachapa Mkuu angekuwa mkuu hata kama ofisi yake ingekuwa Maswa. Tusiseme seva ya kienyeji, kwa sababu neno hilo limebeba dharau. Wala tusiseme seva ya mtaa, kwa sababu msomaji atadhani ni mali ya serikali za mitaa, na pengine siyo.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kila mwongozo utaje kwa maneno mambo matatu mbalimbali: printa iko wapi, foleni iko wapi, na nani mwenye ruhusa ya kuipanga foleni hiyo. Mkuu wa idara anayeandika kuomba printa ya karibu, hali shida yake ni foleni ya mbali, ataletewa printa ya pili, nayo itasimama siku ile ile ilipoisimama ya kwanza. Fedha za umma zitakuwa zimetumika, na mwalimu wa Mwanhuzi bado atakuwa mlangoni.